Faili Nane Tupu na Nembo ya Majoho

Jumamosi katika nyumba hii huanza kwa ufagio. Kabla chai haijachemka, Bwana Stoo ameshafagia ua, ameshafuta vumbi kwenye dirisha la mbele, na ameshapanga viatu vya watu wote kwa ukubwa. Watu walimpa jina hilo kwa sababu alikuwa mtunza stoo kwa miaka thelathini na mmoja. Alistaafu, lakini stoo haikumtoka.

Alikuwa na kanuni moja aliyoipenda kuliko zote. Kitu kitupu hakina haki ya kukaa kwenye rafu. Debe tupu, nje. Kopo tupu, nje. Boksi tupu likunjwe, litoke. Mke wake alishajifunza kuficha chupa za mafuta zilizokaribia kuisha, maana zingetupwa na tone la mwisho likiwa bado ndani.

Mke huyo aliitwa Mama Uzi, naye alikuwa fundi wa kudarizi. Chumba cha mbele ndicho kilikuwa karakana yake. Mlikuwa na meza ya kukatia, kabati la nyuzi zilizopangwa kwa rangi, na mashine ya kudarizi iliyounganishwa na kompyuta kwa waya mweusi. Mchoro unakaa kwenye kompyuta. Kompyuta inaiambia sindano ipite wapi. Sindano inatii.

Jumamosi hiyo palikuwa na kazi kubwa. Kwenye kamba ya ndani yalining'inia majoho thelathini ya bluu, ya wahitimu wa chuo cha wauguzi. Kila joho lilitakiwa kuwa na nembo ya chuo upande wa kushoto wa kifua. Karani wa chuo angekuja kuyachukua Jumatatu saa mbili asubuhi. Kitambaa kilikuwa cha chuo, nacho kilikatwa chote, hakikubaki hata kipande cha kushonea joho jingine. Na nembo ikishadariziwa haifumuliki bila kuacha alama. Ukitoa uzi, matundu ya sindano yanabaki. Kwa hiyo Mama Uzi hakuwa na nafasi ya kukosea hata mara moja.

Alikuwa anapiga pasi joho la kwanza, kompyuta ilipoleta ujumbe. Nafasi ya kuhifadhi inakaribia kujaa. Bwana Stoo alikuwa anapita na kitambaa cha vumbi begani. Akausoma ujumbe ule mara mbili, kisha akavuta kiti.

Aliuliza kama anaweza kusaidia kupunguza vitu. Mama Uzi, macho yakiwa kwenye pasi, alimwambia atazame tu, asiguse michoro yake. Bwana Stoo akaahidi kwamba hatagusa mchoro hata mmoja. Ahadi hiyo aliitimiza, kwa jinsi alivyoielewa yeye.

Akafungua folda ya kazi. Kompyuta alikuwa amejifunza miaka ya mwisho ya ajira, kwa hiyo alijua kupanga faili kwa ukubwa. Akazipanga kuanzia ndogo. Juu kabisa zikajitokeza faili nane zenye ukubwa wa sifuri. Moja iliitwa "fremu kubwa". Sita zilikuwa na majina ya herufi na tarakimu zilizochanganyika, kama namba za magari. Ya nane ilianza na neno "nembo". Hapo alisita kidogo. Akatazama chini ya orodha, akaona nembo nyingine yenye ukubwa kamili. Akaridhika. Nembo ipo, na hii tupu si mchoro.

Akazifuta zote nane. Lakini hakumwaga kapu la taka la kompyuta. Stooni kwao, kitu kilichotolewa kilikaa langoni siku saba kabla ya kuchomwa, na yeye hakuona sababu ya kubadili utaratibu.

Mama Uzi akamaliza pasi, akalibana joho kwenye fremu ya mashine, akaketi, akafungua programu ya kudarizi. Kwa miaka miwili programu ile ilimpokea kwa namna moja. Leo ilimpokea kama mgeni. Ilimuuliza anatumia fremu gani, na ikamwonyesha fremu ndogo tu. Alipofungua nembo, mstari mwekundu ulipita katikati yake. Nusu ya nembo ilibaki nje ya fremu.

"Mzee, umegusa nini?"

"Mchoro sijagusa. Nimetoa vitupu tu."

"Vitupu gani?"

"Faili nane. Ndani hazina hata chembe. Mimi nadhani ni mayai ya virusi." Akainama kutazama skrini, kisha akanyoosha kidole. Kwenye folda palikuwa na faili mpya, ukubwa sifuri, ambayo dakika tano zilizopita haikuwapo. "Unaona sasa? Nimefagia, kimetaga kingine."

Mama Uzi alitaka kukasirika, akajikuta anacheka. Hata hivyo aliondoa mkono wake kwenye mashine. Alisema hadarizi hata mshono mmoja mpaka ajue kinachoendelea. Akaenda kwenye ukuta wa ua, akamwita jirani.

Jirani huyo alikuwa mwalimu wa kompyuta katika kituo cha mafunzo. Alikuja na kitana kimechomekwa kichwani, nusu ya nywele imesukwa na nusu imesimama. Akaomba radhi kwa kichwa chake. Bwana Stoo akamwambia kwamba fundi akiitwa haulizwi nywele.

"Shikamooni."

"Marahaba, binti. Njoo uone mambo ya mzee wako."

Mwalimu hakuuliza nani kafanya. Aliuliza faili zile ziko wapi sasa hivi. Aliposikia kwamba kapu la taka halijamwagwa, alishusha pumzi. Akasema hapo kazi imekuwa nusu. Akazirudisha zote nane mahali pake, akafunga programu, akaifungua tena. Fremu kubwa ikarudi. Mstari mwekundu ukatoweka.

Bwana Stoo alivuta kiti karibu zaidi. Sasa hakuwa mtu wa kujitetea. Alikuwa mtu anayetaka kujua. Kitu kisicho na kitu ndani kinafanyaje kazi?

Mwalimu akamweleza taratibu. Faili ile ya "fremu kubwa" iliwekwa na fundi aliyeifunga mashine. Programu haisomi kilichomo ndani yake. Inatazama tu kama jina lile lipo au halipo. Likiwapo, inajua hapa kuna fremu kubwa. Lisipokuwapo, inajiona iko kwenye mashine mpya.

Bwana Stoo akafikiri. Kisha akasema stooni kwao walikuwa na kibao cha kuonya watu kwamba sakafu imelowa. Kibao hakikubeba mzigo. Siku moja mtu alikiondoa kwa kuwa kinaziba njia, na mchukuzi mmoja akaanguka akavunjika kiwiko.

"Kumbe unajua," alisema Mama Uzi. "Na bado kibao changu umekitupa."

"Hakikuandikwa kwa lugha ya stoo, mama."

Halafu wakaitazama ile faili mpya, yai la virusi. Mwalimu alimwambia Bwana Stoo afunge programu ya kudarizi bila kuondoa macho kwenye folda. Akaifunga. Faili ikatoweka yenyewe. Akaifungua programu, faili ikarudi. Bwana Stoo aliomba kurudia. Akafunga, akafungua, akafunga, akafungua, kama mtoto na swichi ya taa.

"Ni kama ndara nje ya mlango wa bafu," alisema Mwalimu. "Ndani ya ndara hamna mtu. Lakini ukiziona unajua kuna mtu bafuni, na husukumi mlango. Programu imeacha ndara zake hapa. Ikitoka, inazivaa inaondoka nazo."

Kuhusu virusi alimtuliza, ila hakumdanganya. Faili yenye ukubwa wa sifuri haina maandishi wala maagizo ndani, kwa hiyo hamna mahali pa virusi kukaa. Lakini asichukulie kwamba kila faili ndogo ni salama. Kilichotumwa na mtu usiyemjua usikifungue, hata kikiwa kidogo namna gani. Na programu ya kukinga virusi iachwe ifanye kazi yake, kama walivyoiweka.

Mama Uzi akauliza habari ya nafasi. Si ndiyo iliyoanzisha yote haya? Mwalimu akajibu kwamba hapo ndipo watu wengi wanapotea njia. Debe tupu linakula nafasi kwenye rafu. Faili tupu si kama debe. Ukifuta hata elfu moja, hupati nafasi ya kuweka picha moja. Anayetafuta nafasi aanzie upande wa pili, kwenye faili kubwa. Akaigeuza orodha ya kompyuta nzima, kubwa zikaja juu. Zilikuwa video arobaini na saba za mechi za mpira. Wenzake Bwana Stoo wa kazini walikuwa wakimtumia, naye alikuwa akizihifadhi.

Mama Uzi aliitazama dari kwa muda mrefu.

"Hizo si tupu," alisema Bwana Stoo kwa sauti ndogo. Akaahidi kuzipunguza mwenyewe, kabla hajasemwa.

Zilibaki zile sita za namba za magari. Mwalimu hakuzigusa. Alianza kuuliza maswali, na wenyeji walianza kufurahia kuyajibu. Faili hizi ziko folda gani? Folda ya kazi, si folda za kompyuta yenyewe. Vizuri, kwa sababu zile za kompyuta yenyewe hatuzigusi hata kidogo, tupu au zilizojaa. Majina yanafanana? Ndiyo, yote yanaanza sawa na ile ya ndara. Kwa hiyo mwenyewe ni programu ile ile. Zilizaliwa lini? Akawaonyesha mahali pa tarehe. Mama Uzi akazisoma moja moja, na kwenye ya tatu akapiga paja. Hizi ni siku umeme ulipokatika. Ya kwanza alikuwa anadarizi vitambaa vya meza. Ya tatu alikuwa katikati ya ua jekundu, na uzi ulikatikia humo humo.

Basi, Mwalimu akasema, programu ilitolewa bafuni ghafla, haikupata nafasi ya kuvaa ndara. Hizi ni masalia. Inaelekea hazina kazi. Lakini hata masalia hatuyachomi siku ya kwanza. Akafungua folda mpya, akaiita "Zinasubiri", akazihamishia humo. Alimwambia Mama Uzi afanye kazi kama kawaida kwa wiki mbili. Programu ikilalamika, azirudishe. Isipolalamika, azifute bila wasiwasi.

Ikabaki moja tu, ile iliyoanza na neno "nembo". Bwana Stoo akasema hiyo ni nakala ya bure, nembo yenyewe iko pale chini. Mwalimu akasogelea skrini. Alisoma jina lote kwa sauti.

"Nembo ya chuo, ya mwisho." Akaisoma na ile nyingine. "Nembo ya chuo." Akawageukia. "Hii tupu ilizaliwa Alhamisi, saa nne na dakika arobaini asubuhi. Alhamisi saa nne kulikuwa na nini hapa?"

Mama Uzi akakumbuka. Karani wa chuo alikuja na flashi. Alisema mkuu wa chuo amebadilisha nembo kidogo, na mchoraji ameshairekebisha. Mama Uzi aliichomeka flashi, akaanza kunakili. Papo hapo akaingia mteja wa pazia, akaenda kumpima. Hakurudi kuifungua nembo mpya. Alijua ipo.

"Flashi ilitolewa na nani?"

Pasi ilikuwa inapoa mezani. Bwana Stoo alijikuna kidevu.

"Nilitoa mimi," alisema. "Teksi yake ilikuwa inapiga honi. Karani amesimama mlangoni, mguu mmoja nje. Kwenye skrini kulikuwa na mstari wa kijani unatembea. Mimi nikaona si adabu kumchelewesha mgeni. Nikachomoa, nikampa."

Mwalimu akaeleza bila kumlaumu. Kompyuta ikianza kunakili, huandika jina kwanza, kisha ndipo huleta kilichomo. Flashi ikichomolewa katikati, jina linaweza kubaki peke yake. Faili hii haikuwa takataka. Ilikuwa bahasha iliyofika bila barua, na jina juu ya bahasha ndilo lililowaambia kwamba kuna barua haijafika.

Mama Uzi aligeuka akalitazama joho la kwanza. Lilikuwa limenyooshwa, limebanwa kwenye fremu, tayari. Akasema polepole kwamba kama ile faili isingerudishwa, angeona nembo moja tu kwenye folda. Angesema ndiyo hiyo. Angedarizi ya zamani kwenye majoho yote thelathini.

Akachukua simu, akampigia karani. Karani alikuwa kwake, na flashi alikuwa ameishika mkononi. Alisema ndiyo kwanza anataka kuifuta yote, aweke hotuba ya mkuu wa chuo na picha za mahafali. Mchoraji naye alikuwa amesafiri tangu jana, na simu yake haipatikani.

"Usifute kitu, mwanangu," alisema Mama Uzi. "Nakuomba. Usiguse hata kimoja, mpaka mzee afike."

Mzee alikuwa ameshavaa viatu.

Alikwenda kwa miguu na kurudi kwa pikipiki, jambo ambalo hakulipenda kamwe. Flashi aliiweka kwenye mfuko wa shati, na mkono wake ukaikandamiza njia nzima. Alipofika alimkabidhi Mwalimu kwa mikono miwili. Kisha akarudi nyuma hatua mbili, akafunga mikono mgongoni. Mwalimu akamwambia asiogope, aje anakili yeye mwenyewe.

Akaketi. Akanakili. Mstari wa kijani ukatembea, na watu watatu wakautazama mpaka ulipofika mwisho. Mwalimu akamwambia bado. Akamwonyesha ukubwa wa nembo kwenye flashi, kilobaiti mia mbili na kumi na nne. Akamwonyesha wa kwenye kompyuta, ule ule. Akamwambia afungue, aone kwa macho. Ndipo aiombe kompyuta iiachie flashi, na ikimwambia tayari, aichomoe.

Bwana Stoo akaifungua. Nembo ya zamani ilikuwa na taa imesimama peke yake. Hii ilikuwa na taa ile ile, lakini chini yake kulikuwa na mikono miwili imeishika. Mama Uzi alisogea. Alisema karani alimdokeza Alhamisi, lakini kwa haraka ile hakumwelewa vizuri. Mkuu wa chuo alisema taa haijishiki yenyewe.

Mwalimu akachomoa kitana, akakumbuka nusu ya kichwa chake iliyobaki, akaaga. Mama Uzi alimwahidi kumdarizia gauni shingoni, rangi achague mwenyewe. Bwana Stoo alimsindikiza mpaka kwenye lango akiwa bado anauliza. Je, kwenye simu nako kuna faili tupu? Zipo. Nazo zina wenyewe? Zina wenyewe, mzee. Ukiona moja, fanya kama leo.

Jaribio la kwanza Mama Uzi alilifanya kwenye kitambaa kuukuu. Likatoka safi. Mashine ikalia Jumamosi yote na Jumapili mpaka alasiri. Bwana Stoo alikuwa anakata nyuzi zilizobaki nyuma ya nembo kwa mkasi mdogo. Katikati ya kazi aliomba kalamu. Akaandika kwenye karatasi kwa mwandiko wake wa stoo, herufi kubwa zilizosimama wima: "Kabla ya kufuta, uliza. Mwenyewe ni nani? Ilizaliwa lini? Siku hiyo tulikuwa tunafanya nini? Ukikosa jibu, iweke pembeni, usiitupe." Akaibandika ukutani pembeni ya skrini. Baadaye akafuta video thelathini na tisa za mpira. Nane zilimshinda. Ule ujumbe wa nafasi haukuonekana tena.

Jumatatu saa mbili kasoro dakika kumi, karani alibisha hodi. Majoho yalikuwa yamekunjwa mezani, nembo juu. Karani alitaka kuyachukua na kuondoka, maana teksi ilikuwa inamngoja na honi imeshaanza. Bwana Stoo akamwomba radhi, akamwambia dereva angoje. Kitu hakitoki kabla hakijahesabiwa.

Akaanza kuhesabu. Karani alishangaa, kwa sababu namba zilikuwa zinakwenda mbali kuliko majoho. Alipofika joho la kumi na sita, namba zilikuwa zimeshapita thelathini.

"Mzee, unahesabu nini?"

"Mikono," alisema Bwana Stoo. Akaweka kidole kwenye nembo ya mwisho, wa kushoto, wa kulia. "Sitini. Imetimia. Sasa unaweza kwenda."